Nilipoulalia Mlango

Ukiambiwa una kifua kikuu cha mgongo, wa kwanza kukuudhi atakuwa yule anayesema, "Cha mgongo? Mbona hukohoi?" Niliulizwa hivyo na watu wazima na akili zao, mpaka nikatamani kukohoa ili waridhike. Naandika haya sasa ninapoweza kuinama na kuchota maji, kwa ajili yako wewe uliyelazwa chali na kuambiwa usigeuke. Mambo ya vijidudu mwulize daktari. Mimi nitakueleza mengine, na hasa moja lililonibana kuliko plasta yenyewe. Nilikuwa na swali kwa Mungu, na katika nyumba yangu hapakuwa na pa kuliuliza na bado nikahesabiwa mtu wa nyumba ile.

Ugonjwa ulianza wakati wa kupanda mahindi. Sisi tunakaa Mjimwema, shamba letu liko kule mbele ya Ruhuwiko. Kiuno kiliniuma, nikasema ni jembe. Mama mkwe wangu, Mama Kolumba, ambaye tunaishi naye, akanikanda kwa maji ya moto na kunisifu kwamba siku hizi najituma. Kisha miguu ikaanza kuniacha. Siku moja natoka sokoni, mtu akaniita kwa nyuma, "Mama, umeacha ndara yako." Nikaangalia, kweli, mguu mmoja ulikuwa mtupu, na nilikuwa nimetembea hivyo kitambo bila kusikia mawe. Hapo nikaogopa.

Mume wangu Osmund alinipeleka hospitali ya misheni. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, maduka ya Songea yamejaa vitu hadi mlangoni na mifuko ya watu haina kitu. Chama cha ushirika alichokuwa akifanyia kazi kilikuwa kimewapunguza, naye akawa anauza mitumba, mtu aliyezoea kuvaa tai. Tulikaa kwenye benchi la nje ya chumba cha picha. Benchi lile lina adabu yake: wa mbele akiitwa, wote mnasogea, na anayekuja anakaa mwisho na kusalimia mstari mzima. Mimi nilisogezwa na Osmund, akininyanyua kwapani kama mzigo wa kuni. Ubani ulinukia kanisani pale jirani, na nakumbuka niliufurahia, maana wakati ule bado nilikuwa sina neno na mtu.

Wakanifunga plasta ngumu, ile ambayo watu wetu wanaiita hogo, kutoka kwapani mpaka nyongani. Ikiwa mbichi inachoma, ikikauka ina baridi ya kaburi. Tumboni walikata tundu, pa kuvimbia chakula, na wauguzi waliliita dirisha la ugali. Ukijigonga kwa vidole unalia kama debe. Usiku si kitu, mchana ndio mbaya, jua likipiga na jasho likitambaa ndani mahali ambapo mkono haufiki. Nitakupa siri: tafuta njiti ndefu ya ufagio, uifunge pamba kwenye ncha. Daktari atakukataza. Jikune hivyo hivyo, ila taratibu.

Kitanda cha jirani alilala Zuhura, msichana wa Tunduru, baba yake ana mikorosho. Ugonjwa wetu ulikuwa mmoja, plasta zetu zilifungwa wiki moja, ila dirisha lake la ugali lilikuwa kubwa kuliko langu na alijivunia hilo. Aliniita Dada Gaude. "Dada Gaude, huo mgongo wako umevunjwa na nguruwe unaowala," ananiambia, nami namjibu kwamba wake basi umevunjwa na korosho. Tulikuwa tumelazwa chali wote wawili, kwa hiyo tulitaniana tukiangalia dari. Saa za swala zikifika alinyamaza. Nilimwuliza anaswalije naye hawezi hata kuketi. Akasema, "Kwa macho. Nikifumba nimerukuu, nikifumba zaidi nimesujudu. Mola anajua mja wake amefungwa." Sikuwahi kumwona akikosa swala hata moja. Mimi rozari yangu ilikuwa inaanguka kwenye godoro na kulala huko siku nzima.

Masika yalipokolea, Zuhura akapata homa. Wakazungushia kitanda chake pazia, na kabla muuguzi wa sindano za mchana hajafika, Zuhura alikuwa ameshatutoka. Baba yake alikuja kukunja khanga zake. Akanisogelea, mzee mpole, akasema, "Sote ni wa Mwenyezi Mungu, binti yangu. Akuponye wewe." Nikalia, na kulia ndani ya plasta ni kazi, kifua hakina pa kupandia.

Wiki ile ile vidole vyangu vya miguu vikacheza. Jumuiya yetu ya kanisa ilikuwa imekuja kunitazama, na mwenyekiti wetu, Mama Skola, aliona kidole gumba kikipanda na kushuka. Akapiga kigelegele wodini mpaka wagonjwa wakaamka. "Mmeona? Sala zetu hizo. Imani yake imemwinua." Wakaimba. Nami niligeuza macho kwenye kitanda cha pembeni, ambacho kilikuwa kimetandikwa shuka safi, nikajiuliza: na ya Zuhura ilipungukiwa nini? Swali liliingia hivyo, bila hodi, na halikutoka tena.

Waliponiruhusu kwenda nyumbani na vidonge, daktari alisema nilale juu ya kitu kigumu na kilichonyooka. Kitanda chetu kilikuwa kimepinda katikati kama mtumba wa nguo. Osmund akatafuta mbao, hazikupatikana. Basi akaung'oa mlango wa chumba chetu, wenyewe wa mninga, akautandika juu ya chaga, akaweka godoro jembamba, nikalazwa. Fikiria hapo. Nimelalia mlango, na kwa sababu nimeulalia, chumba hakina mlango. Kila anayepita kwenda uani ananiona. Kuku waliniona. Mfungwa gani mwingine analalia mlango wa gereza lake?

Mama Kolumba alikaa mlangoni pale, yaani kwenye uwazi, na rozari yake, akinilinda. Sitamsema vibaya. Aliniosha, alinilisha usipa, dagaa wa Ziwa Nyasa, aliouchambua miiba kwa vidole vyake, alinifulia vitambaa. Lakini huwezi kumwambia mtu anayekuosha kwamba huna hakika kama anayemwomba usiku na mchana anasikia. Kisha jumuiya yetu, ya Mtakatifu Ana, ikaamua kwamba badala ya kuzunguka nyumba kwa nyumba, sala zote za Alhamisi zifanyike kwangu mpaka nipone. Ilikuwa huruma, najua. Wanaingia, wanajaa chumbani, wengine sebuleni, wananiombea kwa sauti, kisha kila mmoja ananipa neno. Mmoja anasema Mungu huwapiga awapendao. Mwingine anainama sikioni, ananiita kwa jina la mwanangu: "Mama Fokas, chunguza moyo, kuna kitu hujakitubu." Wa tatu anasema kama ningekuwa na shaka, nisingepona. Mimi nimelala, siwezi kutoka, siwezi hata kuwageuzia mgongo. Wakimaliza wanasubiri nami niseme amina. Nilikuwa nasema.

Kwa nini sikumwambia Osmund? Kwa sababu alikuwa amebakiwa na kidogo. Kazi imekwenda, mke hatembei, watoto wako kwa dada yake. Jioni akirudi na furushi lake anapiga magoti kando ya mlango ule, anashika mkono wangu, anasali, na uso wake unatulia kidogo. Siku moja alinichagulia koti kwenye mitumba, koti la mzungu mnene, ili liweze kufunga juu ya plasta. Kipupwe kilikuwa kimeanza na mlima Matogoro hauonekani kwa ukungu. Alinivalisha, akafunga vifungo vyote, akacheka. Mtu kama huyo unamwambiaje?

Nilitaka mtu mmoja, mlango uliofungwa, na nafasi ya kusema. Nikawaza sana, nikaona njia. Parokiani alikuwa amekuja padri kijana, Padri Longino, ambaye watu walimlalamikia kwamba mahubiri yake mafupi. Nikajua kwamba padri akija kumpa mgonjwa sakramenti, wote hutoka nje. Basi nikamwambia Mama Kolumba, "Mama, naomba mniitie padri. Nataka mpako wa wagonjwa."

Rozari ikamponyoka.

Akili yangu ilikuwa imeganda kwenye lile swali, nikasahau ninakaa na watu gani. Kwetu padri anaweza kufundisha kila Jumapili kwamba mpako ni wa kuponya. Watu wanaitikia, wanarudi nyumbani, na wanajua wanachokijua: akiitwa padri na mafuta, sanduku linafuata. Wazee bado wanaiita sakramenti ya mwisho. Mama mkwe wangu alitoka. Nikamsikia uani akianza kulia, ile sauti ya chini ya kumlilia mtu ambaye hajafa bado.

"Mama," niliita, "sifi. Nataka tu kuongea na padri."

Akarudi, akanipangusa paji la uso. "Ndiyo mwanangu, hufi. Tulia."

"Nasema kweli. Nina nafuu."

"Hata marehemu baba mkwe wako alipata nafuu siku ile," akasema, akatoka tena.

Kadiri nilivyokanusha ndivyo walivyoamini. Nikiomba chakula, wanatazamana: anakula cha mwisho. Nikikataa, wanatazamana zaidi. Kesho yake asubuhi nikasikia mashoka. Vijana wa jumuiya walikuwa wanapasua kuni uani, na kuni za namna ile hazipasuliwi kwa ajili ya chai. Wanawake wakaleta masufuria makubwa ya kukodi. Kaka yangu Salvius akafika kutoka upande wa Hanga na gunia la unga begani, akanisalimia kwa heshima ambayo hajawahi kunipa tangu tuzaliwe. Kisha nikawasikia yeye na shemeji zangu sebuleni, wakibishana nikazikwe wapi. Salvius anasema nirudishwe kwetu. Shemeji anasema mke wa mtu huzikwa kwa mumewe. Nami nasikia kila neno, kwa kuwa mlango ninao chini ya mgongo.

Nilitaka kucheka, ikatoka kilio. Nilijiona nimefukiwa tayari, plasta ndiyo jeneza, na watu wanabishana tu juu ya shimo.

Osmund aliingia mchana ule, amevaa shati lake la ofisini. Hakupiga magoti. Akasimama kwenye uwazi, akasema, "Kama ulitaka kuniaga, ungeanza na mimi."

"Siagi, Osmund. Nataka kuongea na mtu."

"Mimi si mtu?"

Akageuka, akaenda kuwasaidia wanaopasua kuni, nami niliitambua sauti ya shoka lake, lilikuwa linapiga kwa hasira.

Padri Longino alifika kwa pikipiki, amejaa vumbi. "Tumsifu Yesu Kristo." "Milele amina," nyumba nzima ikajibu kwa sauti ya msibani. Wakatundika shuka kwenye uwazi wa mlango, wote wakatoka mpaka uani. Alivaa stola shingoni, akafungua kichupa cha mafuta, akanitazama, na nadhani alishangaa kuona mtu anayekaribia kufa amevaa koti la kizungu na ana jicho kavu.

Nikasema, "Padri, usinipake kwanza. Sikia kwanza, halafu uamue kama nafaa."

"Haya, sema mama."

Nikasema. Nilimweleza Zuhura alivyosujudu kwa kope za macho. Nilimweleza kitanda kilivyotandikwa, na kidole changu kilivyocheza, na kigelegele. "Kama ni sala zilizoniinua, basi Mungu alisikia zangu nilizokuwa naziacha zinaanguka kwenye godoro, na zake hakuzisikia. Kama hakusikia za yeyote, sisi tunamwimbia nani kila Alhamisi? Na kama alisikia zote akachagua, mimi simwelewi, Padri. Namwogopa. Siwezi kumpenda mtu ambaye anachagua hivyo. Na siwezi kutoka humu. Nimefungwa mwili, na hata kusema siwezi." Nilikuwa natetemeka mpaka mlango unagonga chaga.

Padri alifungua kitabu chake, akapekua, akakifunga. Uani shoka moja likalia. Akauliza, "Uliniambia jina lake nani?"

"Zuhura."

Hakuna aliyewahi kuniuliza. Wote walisema "yule wa pembeni."

"Seminari walinifundisha majibu mengi," akasema. "Baadhi yangefaa hapa, padri mwingine angekupa hayo. Mimi mwenyewe sijui, mama. Nikikwambia najua nitakuwa nakudanganya, na nimeshika mafuta matakatifu mkononi. Ukipata jibu kabla yangu, uniite."

"Kwa hiyo sifai?"

"Kwani Ayubu alifaa?" Akachovya kidole gumba. "Tumwombee na Zuhura kabisa?"

"Kikristo au Kiislamu?"

Akacheka, akajaribu kuzuia, akashindwa. "Kiswahili," akasema. Akanipaka kwenye paji la uso na viganja. Sikuona nuru yoyote. Nilisikia mafuta ya baridi na mkono wa mtu, na kifua changu kikapanda mpaka kikagusa plasta, pumzi nzima. Ilikuwa ya kwanza tangu masika.

Alipolifunua shuka, uani walikuwa wameshaanza wimbo wa maziko. Akasimama akawaangalia, na kuni zao, na masufuria yao. "Mgonjwa anaomba chai," akasema. "Na mtu amlete mume wake akae naye, kuna jambo la kumwambia." Nilimwambia Osmund jioni ile. Akasema, "Na mimi kazi ilipokwisha nilimwuliza Mungu. Niliona aibu kukusumbua." Tukabaki tumeshikana mikono, hatukusali, na haikuwa mbaya.

Mahindi yalipovunwa wakanikata plasta kwa msumeno. Uliye ndani yake, jiandae: utatoka mdogo. Ngozi inabanduka kama ganda la kitunguu, unanuka harufu ambayo hata wewe unaikana, na mgongo unaogopa hewa. Nilijifunza kutembea kwa fimbo kutoka chumbani mpaka jikoni, Mama Kolumba akinifuata nyuma mikono ameitanua. Alikuwa bado ananipikia kwa kuni za msiba wangu. Zilikuwa kavu na nzuri.

Jumuiya ikapanga sala ya shukrani, nyumbani kwetu, kwa kuni zile zile na masufuria yale yale. Wakajaa uani. Nimevaa koti langu. Mama Skola akasimama, akasema, "Sasa Mama Fokas atupe ushuhuda, jinsi imani ilivyomponya."

Osmund alinitazama. Alijua. Nilijua pia kwamba mama yake amekaa mbele yangu, na kwamba nikisema ninalotaka kusema, huenda nikapoteza mikono ile iliyonichambulia miiba. Lakini nilikuwa nimelala chali vya kutosha. Nikasema, "Nawashukuru nyote. Namshukuru Mungu. Lakini sijui kama ni imani. Kitanda cha jirani yangu alikuwapo msichana mwenye imani kunizidi, anaitwa Zuhura, akafa. Ya kwake ilipungukiwa nini? Nimemwuliza Mungu tangu masika. Hajanijibu. Huo ndio ushuhuda wangu."

Mama Skola akafanya afanyalo kila mara jambo likiharibika, akaanzisha wimbo. Wachache wakamdakia.

"Acheni kwanza," Mama Kolumba akasema. Hakusimama. "Niliwazika wanangu Kastuli na Emerita, surua, wiki moja. Wengine wenu mlikuwepo. Nilimwuliza. Nimezeeka nasubiri. Kila asubuhi namsalimia, salamu simnyimi, lakini swali langu sijalifuta, analo." Akatengeneza khanga yake begani. "Haya, imbeni sasa."

Wakaimba, wengine wakiwa wanalia.

Kesho yake Osmund aliurudisha mlango kwenye bawaba zake. Una alama nyeupe ukingoni, plasta ilipokuwa ikijisugua, mpaka leo, nimekataa zisipigwe rangi. Jioni nilijifungia nikakaa kitandani, peke yangu, nikiufurahia. Mlango ukagongwa. Nilidhani ni mgeni, maana tangu niolewe mama mkwe wangu hajawahi kugonga mlango wa nyumba hii. Alikuwa yeye, na rozari mkononi.

"Huyo Zuhura," akasema, "ni binti nani? Nataka nimtaje vizuri."

"Binti Saidi, Mama."

Akaketi kando yangu, akaanza.